Maelezo kwa Wenye Maduka ya Mtandaoni: Namna ya Kusoma Hesabu za Utafutaji na za Mauzo

Wafanyabiashara wanaouza bidhaa zao kwa njia ya mtandao wanaelezwa hapa maana ya hesabu wanazoletewa na programu za kupimia, ili ziwasaidie katika kuamua matumizi ya fedha zao. Ni jambo la kawaida kutazama idadi ya wageni wa duka peke yake. Idadi hiyo haitoshi, kwani duka linaweza kuongeza wageni kila mwezi na huku likiongeza hasara.

1. Hesabu za utafutaji

Huduma ya Google Search Console, iliyoanza mwaka 2005 kwa jina la Google Sitemaps na kupewa jina la sasa mwaka 2015, hutolewa bila ya malipo. Humwonesha mwenye duka mambo manne: mara ngapi kurasa zake zimetokea mbele ya watu waliokuwa wakitafuta, mara ngapi zimebonyezwa, asilimia ya mibonyezo hiyo, na nafasi ya wastani ya ukurasa katika orodha ya majibu. Huonesha pia maneno yaliyoandikwa na watafutaji, isipokuwa yale yaliyotafutwa na watu wachache sana, ambayo hufichwa ili kulinda siri zao.

Maneno hayo yasomwe kwa makini kuliko tarakimu. Tuchukue mfano wa duka la sabuni ya mwani. Aliyeandika «bei ya sabuni ya mwani» yu karibu na kununua. Aliyeandika «jinsi ya kutengeneza sabuni ya mwani» anatafuta elimu. Hawa wa pili wakija kwa wingi, wageni wataongezeka na uwiano wa wanunuzi utashuka, ilhali duka halikuharibika. Aliyeandika jina la duka lenyewe alikwisha kulijua kabla ya kutafuta. Inafaa basi makundi haya matatu yahesabiwe mbali mbali.

2. Hesabu za ununuzi

Mgeni akishaingia dukani, mwenendo wake hupimwa na programu nyingine, kama vile Google Analytics, iliyoanza nayo mwaka 2005. Programu hii haioneshi maneno mengi yaliyotafutwa, kwa sababu Google ilianza kuyaficha mwezi wa Oktoba 2011. Ndiyo maana hesabu hizi mbili hazina budi kusomwa pamoja.

Kiwango cha ununuzi hupatikana kwa kugawa idadi ya walionunua kwa idadi ya wageni wote. Kwa mfano, kurasa za duka letu zimetokea mara 20,000 kwa mwezi na kubonyezwa mara 600, yaani asilimia 3. Katika wageni hao 600, 60 wametia bidhaa katika kikapu, 40 wamefika ukurasa wa malipo, na 12 wamelipa. Kiwango cha ununuzi ni asilimia 2.

Asilimia hiyo moja haielezi kasoro iko wapi. Hatua zake ndizo zinazoeleza. Katika waliofika ukurasa wa malipo, 28 kati ya 40 wameondoka bila ya kulipa. Watu hawa walikwisha kuitaka sabuni. Yumkini gharama ya usafirishaji imewatokea mwishoni bila ya kutarajia, au njia ya malipo waliyoizoea haipo, au ukurasa haufunguki vyema katika simu ya mkononi. Marekebisho yaanzie hapo.

3. Thamani ya mgeni mmoja

Tuseme kila mauzo huleta shilingi 15,000, na faida baada ya kutoa gharama za sabuni na kuipeleka ni shilingi 6,000. Wanunuzi 12 wataleta faida ya shilingi 72,000. Ikigawiwa kwa wageni 600, kila mgeni ana thamani ya shilingi 120.

Mwenye duka akinunua tangazo kwa shilingi 300 kwa kila mbonyezo, na wageni wa tangazo wakanunua kwa kiwango kile kile, atapoteza shilingi 180 kwa kila mgeni. Wageni 600 wa namna hiyo watamtia hasara ya shilingi 108,000, ingawa mauzo yatakuwa yameongezeka. Lakini ukurasa wa malipo ukirekebishwa na wakalipa watu 24 badala ya 12, thamani ya mgeni hupanda hadi shilingi 240, bila ya kununua mbonyezo hata mmoja.

4. Tahadhari

(a) Idadi ndogo hupotosha. Wanunuzi 2 wiki hii na 4 wiki ijayo si dalili ya kutosha. Huenda ikawa ni bahati tu. Isitolewe hukumu kabla ya kukusanya hesabu za miezi kadhaa.

(b) Majira yalinganishwe na majira yake. Miezi ya masika isipimwe kwa miezi ya watalii wengi. Mwezi wa Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Machi na Machi huenda zisilingane. Google Search Console huweka kumbukumbu za miezi 16 tu. Anayetaka za zamani zaidi azinakili mapema.

(c) Mibonyezo na wageni havitalingana kikamilifu. Wapo wanaokataa kupimwa, na wapo wanaoondoka kabla ukurasa haujafunguka. Kwa upande wa mauzo, neno la mwisho ni la daftari la fedha zilizopokewa.

5. Ushauri

Wenye maduka wanashauriwa kuandika mara moja kwa mwezi hesabu tano katika daftari: waliobonyeza, waliotia kikapuni, waliofika malipo, waliolipa, na faida iliyobaki. Kabla ya kulipia tangazo lolote, na ijulikane kwanza thamani ya mgeni mmoja, na bei ya mbonyezo isizidi thamani hiyo.