Vyombo vya Kazi ya Shamba na Msitu

Ninyi wenye nyumba wa Kasongo na Kabambare, kijana wenu akirudi kutoka machimboni na fedha kidogo, hununua simu, hununua nguo, na mwisho kabisa hununua upanga. Tena ni ule wa bei ndogo uliotundikwa mbele ya duka. Baada ya majuma mawili umepinda kama jani la mgomba. Basi hununua wa pili, kisha wa tatu. Mwaka ukiisha, fedha aliyotoa ingalitosha kwa upanga mmoja mwema, na shoka, na tupa ya kuvinoa vyote viwili. Kwa hiyo twataka kuwaeleza ni vyombo gani vimfaavyo mtu mwenye shamba dogo, michikichi michache na kipande cha msitu nyuma ya nyumba, na jinsi ya kuvitambua kabla ya kutoa fedha.

Kazi za mwenye nyumba mwazijua: kufyeka majani kuzunguka nyumba ili moto wa kiangazi usikaribie, kusafisha chini ya michikichi, kukata kuni na miti ya kujengea, kulima, kuchimba choo. Kwa hayo yote vyombo vitano vyatosha: upanga, shoka, jembe, chepeo na tupa. Wengine watacheka wakisikia tupa imehesabiwa pamoja na vyombo vikubwa. Wacheke tu. Vile vinne bila tupa ni vipande vya chuma. Kama fedha yako yatosha kununua panga mbili, nunua upanga mmoja na tupa moja.

Ukifika dukani usitazame rangi wala karatasi iliyobandikwa. Shika upanga kwa mpini, weka ncha yake juu ya ubao, uukandamize mpaka upinde kidogo, kisha uuachie. Chuma chema hurudi sawasawa kama upinde wa mwindaji. Chuma kibaya hubaki kimepinda. Halafu uugonge kwa kijiti. Chuma kizima hulia kwa sauti ndefu, na chenye ufa hutoa sauti fupi kama chungu kilichopasuka. Mwisho omba ruhusa ya muuzaji upitishe tupa kidogo kwenye makali. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu kupita kiasi: kitamomonyoka ukipiga fundo la mti, wala hutaweza kukinoa. Ikila upesi sana, chuma ni laini, na makali yatalala siku ile ile. Ikishika na kuuma polepole, huo ndio upanga wako. Muuzaji akikataa usiujaribu, nenda kwa mwenzake.

Tazama tena mpini. Mkia wa chuma yafaa uenee mpini wote mpaka mwisho, nao ushikwe kwa misumari iliyofuliwa pande zote mbili. Mkia mfupi hutoka siku moja, na upanga huruka usikojua.

Shoka liko la namna mbili. Liko lile la wazee, ambalo chuma chake kina mkia mwembamba uliopenya katika kichwa kinene cha mpini. Liko na la dukani, lenye tundu, na mpini hutiwa tunduni kwa kabari. Msilidharau la wazee. Kila ukipiga, mkia huzidi kuingia, kwa hiyo halilegei. Ila ni jepesi, na kwa mti mnene latia taabu. La dukani lina uzito na hukata upesi, lakini siku mpini ukikauka na kusinyaa, kichwa huanza kucheza. Watu wengi hulitia majini usiku kucha ili mti uvimbe. Hiyo ni dawa ya siku moja tu. Kesho jua likiwaka mti husinyaa zaidi ya jana. Dawa yenyewe ni mpini uliokauka kabla ya kutiwa.

Chuma chema hakitoki dukani peke yake. Nchi hii ni nchi ya wahunzi tangu zamani. Cameron, Mwingereza aliyepita Manyema mwaka 1874 akienda Nyangwe, aliona vijijini viwanda vya kuyeyusha chuma. Siku hizi wahunzi hawayeyushi tena mawe. Wengi hufua vyuma vya motokari mbovu, hasa vile bapa vilivyopangwa chini ya gari kuchukua uzito. Hicho ni chuma bora kuliko cha panga nyingi za dukani. Ila mwulize mhunzi kama amekizamisha majini au katika mafuta kilipokuwa chekundu, kisha akakipasha tena kidogo. Asipokizamisha kitakuwa laini. Akikizamisha asikipashe tena, kitavunjika kama kigae. Jaribu la tupa litakuonyesha kama amefanya kazi yake.

Sasa jembe. Hapa wanaume wengi hukosa, kwa kuwa wao ndio waendao dukani na wake zao ndio walimao. Mume hurudi na jembe zito, pana, akifikiri amenunua kitu kikubwa, na mwanamke hulinyanyua mamia ya mara kila asubuhi mpaka mgongo ukafa. Mwacheni mama alimaye aende mwenyewe kuchagua. Alishike, alinyanyue mara ishirini palepale dukani, bila haya. Kwa kupalilia mihogo na karanga jembe jepesi ndilo jema. Kwa kuvunja nchi mpya yenye mizizi, zito kidogo. Tena mpini uwe wa kimo chake yeye, si cha mumewe.

Mipini msinunue. Mpera ulio karibu na nyumba hutoa mipini migumu isiyovunjika upesi. Chagua tawi lililonyoka lisilo na fundo. Kama ni gogo nene, lipasue kwa shoka wala usilikate kwa msumeno, maana mti ukipasuliwa hufuata nyuzi zake tangu mwanzo hata mwisho, lakini msumeno hukata nyuzi katikati, na hapo ndipo mpini utakapovunjika. Uweke juu ya dari ya jikoni, moshi uupate, miezi miwili. Kisha uuchonge na kuukwangua kwa kipande cha chupa.

Mpini ukivunjika na kipande kubaki tunduni, watu hutupa shoka au jembe motoni ili mti uungue. Msifanye hivyo kamwe! Mti utaungua, kweli, lakini ule ugumu ambao mhunzi au kiwanda kiliutia chumani utatoka pamoja na moshi. Shoka lile halitashika makali tena. Kitoe kipande kwa kukigonga na kipande kingine cha chuma, hata kama kazi ni ya saa nzima. Vivyo hivyo ukinoa kwa jiwe la kuzungushwa, tia maji mara kwa mara. Ukiona makali yamegeuka buluu, umekwisha kuyaharibu.

Tupa hukata ikienda mbele tu. Ikandamize ukisukuma, uinyanyue ukirudi. Ukiikokota huku na huku meno yake hufa kabla ya mwezi. Usiipake mafuta, maana hapo huteleza tu. Ifunge katika kitambaa kikavu. Upanga wa majani unolewe wembamba. Shoka liachiwe unene nyuma ya makali, lisije likamomonyoka.

Chombo kikali chaufaa msitu wenyewe. Miti mingi ya pori letu huchipuka tena ikikatwa vizuri. Ikate chini, kama shubiri moja juu ya udongo, na kata iwe ya mshazari ili maji ya mvua yateremke. Upanga butu huchana ganda mpaka shinani, maji huingia, kisiki huoza, nawe umepoteza miti ya kujengea nyumba ya mwanao. Wachimbaji wanataka miti ya kuegemeza mashimo yao, na kila mwaka wanaifuata mbali zaidi. Mwenye visiki vilivyo hai karibu na nyumba ana mali.

Na msumeno wa mota? Vijana wanautamani sana. Kwa mtu mmoja mwenye kipande kidogo cha msitu haufai kununuliwa. Hula esansi iliyochanganywa na mafuta yake, na kwa misumeno mingi ya sasa ni desilita moja ya mafuta katika lita tano za esansi. Ukikosea, mota huungua. Mnyororo wataka tupa yake ya mviringo. Ncha yake ikigusa mti, msumeno huruka nyuma kwenye uso wa aliyeushika. Ukitaka mbao, patana na fundi mwenye nao, umlipe kwa hesabu ya mbao. Kama mti ni mvule, mwambie mapema, kwa kuwa mara nyingine ndani yake mna mawe meupe yanayoua meno ya msumeno, naye ataongeza bei. Ni haki yake. Kumbukeni na sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002. Yawaachia wenyeji haki za desturi za kujipatia kuni na miti ya nyumba, lakini kukata mbao za kuuza kwataka kibali.

Jambo moja lawatia watu wa machimbo hasara kuliko yote. Ndugu aendaye Salamabila au Namoya huomba jembe la nyumbani siku tatu tu. Jembe la shamba limefuliwa kwa udongo. Likipiga lile jiwe jeupe gumu lenye dhahabu, makali humomonyoka, nalo hurudi fupi kama kijiko, au halirudi. Mvua za Septemba hukuta mama hana cha kulimia, na njaa ya Januari hutoka hapo. Anayechimba na awe na sururu yake na chepeo yake. Likiombwa jembe, jibuni kwamba si la baba, ni la mama, aombwe yeye.

Mwisho, miguu yenu. Ukifyeka, simama miguu imeachana, na upanga upite pembeni, usije mbele ya goti. Livingstone alikaa Kabambare mwaka 1870 siku themanini ndani ya nyumba, asiweze kutembea, kwa vidonda vya miguu tu. Jeraha la upanga, hata dogo, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi na sabuni. Lisipakwe udongo wala mavi ya mbuzi, maana humo hukaa mbegu ya pepopunda. Nenda zahanati siku ile ile, uulize kama sindano yako ya pepopunda ingali na nguvu.