Tiba ya Kiharusi: Je, Mgonjwa Wako Anapata Nafuu? Uliza Alama Zake

Mama yako alipatwa na kiharusi na madaktari wakayaokoa maisha yake. Sasa umeagizwa umpeleke kliniki ya tiba ya shughuli kila wiki. Unalipa teksi, unalipa ada, unapoteza nusu siku ya kazi. Miezi miwili baadaye jirani anakuuliza hali ya mgonjwa. Unajibu, "Anaendelea vizuri," wala huna hakika.

Swali la jirani lina jibu, na huandikwa kwa tarakimu. Kazi ya mtaalamu wa tiba ya shughuli ni kumrudisha mgonjwa kwenye mambo ya kila siku, kwa hivyo hana budi kuyapima mambo hayo kabla ya tiba kuanza, kisha ayapime tena.

Kipimo kinachojulikana sana ni cha Barthel, kilichochapishwa Maryland, Marekani, mwaka wa 1965. Huangalia mambo 10: kula, kuoga, kunawa uso na kuchana nywele, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kutoka kitandani hadi kitini, kutembea na kupanda ngazi. Asiyeweza lolote hupata 0, anayejitegemea kwa yote hupata 100. Kinachoandikwa ni kile mgonjwa anachofanya hasa, si kile anachoweza kufanya akijaribu. Hapa ndipo sisi jamaa tunapoharibu. Wajukuu wanamlisha nyanya kwa mapenzi, naye anabaki na sifuri ya kula ilhali mkono wake wa kushoto ni mzima!

Tuseme mama alianza na alama 45 na baada ya wiki sita ana 50. Muda wote huo amekuwa akifinya mpira. Vidole vimepata nguvu kidogo, lakini blauzi bado anavishwa. Mtaalamu anayezisoma alama hizo hatamwongezea mpira. Atamfundisha kuvaa kwa kutanguliza mkono uliopooza, au atakushauri ushone blauzi isiyo na vifungo vidogo. Kisha atapima tena.

Hata hivyo, mwenye alama 100 za Barthel huenda bado asiweze kujipikia. Mwaka wa 1991 wataalamu wa Kanada walichapisha kipimo kinachoanza na mgonjwa mwenyewe. Anataja yanayomsumbua, anachagua yasiyozidi matano, na kila moja analipa alama mbili kati ya 1 na 10: jinsi anavyolifanya, na jinsi anavyoridhika. Aliyekuwa akiuza chapati atataja kukanda unga, jambo ambalo Barthel haliulizi kabisa. Alama zikipanda kwa 2 au zaidi, hayo huhesabiwa kuwa mabadiliko ya maana.

Zisipopanda, usikimbilie kumlaumu mtaalamu. Huenda bega linamuuma mgonjwa, au amevunjika moyo hata mazoezi hayataki. Yote mawili yana matibabu, mradi yajulikane mapema.

Utakapompeleka tena, omba uonyeshwe alama za siku ya kwanza na za sasa, pamoja na tarehe zake. Kama hazipo, omba apimwe siku hiyo hiyo. Nakala iweke pamoja na kadi ya kliniki, hasa ikiwa mama anarudi mashambani, ili mtaalamu wa huko ajue pa kuendelea.