Sura ya Saba: Njia Kwanza, Bolti Baadaye

Stata ya Land Rover Series IIA imeshikwa na bolti mbili tu. Ukiitoa injini ukaiweka juu ya meza, mwanafunzi wa ufundi aliyeanza juzi ataifungua stata hiyo bila kutoa jasho. Injini ikiwa mahali pake, imebanwa na fremu huku na ukuta wa kabini kule, bolti zile zile mbili zaweza kummalizia fundi mzoefu siku nzima. Chuma ni kile kile, na nguvu inayotakiwa kukilegeza ni ile ile. Nafasi ndiyo iliyopungua. Sura hii inatetea jambo moja: katika gari kuukuu la kijeshi, kifaa kilichojificha hutolewa kwa kuondoa kwanza vyote vilivyo wazi mbele yake, hata pale ambapo kufanya hivyo kunaonekana kama kujiongezea kazi.

Hoja hii ina uzito wa pekee Liboi. Mji huu uko karibu na mpaka wa Somalia, takriban kilomita 180 kutoka Garissa na 80 hivi kutoka Dadaab, na njia yake ni ya vumbi wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa mvua. Tangu enzi za ukoloni, eneo hili lilipoitwa NFD (Northern Frontier District), na kupitia vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, Land Rover ilikuwa gari la askari na la maafisa wa utawala. Series IIA, iliyotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, ilijulikana zaidi kwa injini ya petroli ya lita 2.25 yenye silinda nne. Injini hiyo inavumilia mengi, lakini spea za gari la umri huo hazisubiri mtu dukani mpakani. Bolti ikikatikia Nairobi, fundi hupoteza mchana mmoja. Ikikatikia Liboi, gari hugeuka kivuli cha mbuzi.

Tuanze na ushahidi wa hesabu, maana hapo ndipo ubishi mwingi unapokatika. Kichwa cha bolti kina pande sita, kila upande nyuzi 60 za duara. Spana ya mdomo wazi hupindishwa kichwa kwa nyuzi 15, ili fundi akiigeuza juu chini kila mara aweze kusogeza bolti nyuzi 30 kwa mkupuo mmoja. Spana ya pete yenye pembe 12 nayo hudai nyuzi 30. Basi mkono wa spana ukigonga fremu upande huu na kizuizi kingine upande ule kabla nyuzi hizo hazijatimia, bolti haitazunguka, hata mshikaji awe na nguvu za ngamia. Racheti yenye meno 72 hutosheka na nyuzi 5, ila kichwa chake kikiunganishwa na soketi ni kirefu, na mara nyingi mahali pembamba kwa spana huwa pafupi kwa racheti. Tena kulegeza bolti ni nusu ya safari tu. Stata haidondoki chini bolti zikitoka. Sharti ivutwe mbele mpaka pua yake yenye gia itoke ndani ya nyumba ya flaiwili. Asiyeipima nafasi hiyo mapema ataishia na stata iliyolegea isiyotoka.

Mazingira nayo yana neno. Mombasa na Lamu, adui wa bolti ni kutu iletwayo na chumvi ya bahari. Huku kwenye ukavu, adui ni vumbi lililolowa oili, likaokwa na joto la injini siku baada ya siku mpaka likawa gamba gumu kama udongo wa kichuguu. Spana ikivalishwa juu ya gamba hilo hukaa nusunusu, na ikivutwa hula kingo za bolti. Kuna pia suala la vipimo. Gari hili ni la Kiingereza na vipimo vyake ni vya inchi. Kichwa cha bolti chenye upana wa nusu inchi ni milimita 12.7, na fundi aliyezoea magari ya Kijapani huishika kwa spana namba 13. Pengo la milimita 0.3 linasameheka mahali pa wazi, ambapo jicho linaona spana inapoanza kuteleza. Mahali pa kupapasa kwa vidole, pengo hilo hilo huviringisha bolti kabla mkono haujatambua. Kwa hiyo hata kusafisha na kuchagua spana sahihi kunategemea njia kufunguliwa: huwezi kukwangua gamba usiloliona.

Waliolibuni gari hili walijua litahitaji kuvuliwa. Mabati yake ya aloi ya alumini yamefungwa kwa bolti na skrubu, na matigadi, sakafu, boksi la viti na uso wa mbele unaoshika rejeta vyote hutoka kimoja kimoja. Toleo jepesi la jeshi, lililoanza kutoka kiwandani 1968, lilivuliwa milango na mabati ya juu ili helikopta iweze kulibeba. Kazi ya klachi inaonyesha jambo hili vizuri. Asiyetaka kugusa sakafu hulala chini ya gari akipapasa nati za juu za giaboksi, vumbi likimwingia machoni. Anayeng'oa sakafu na boksi la viti huzikuta nati hizo mbele yake, kwenye mwanga, na giaboksi hutolewa kwa kupitia ndani ya kabini. Muda aliotumia kwenye skrubu za sakafu haukupotea. Ndio ulionunua mwanga na nafasi.

Pingamizi la kwanza ni la busara: gari lina umri wa zaidi ya miaka 50, na kila bolti unayoigusa yaweza kukatika, basi heri kugusa chache. Ni kweli zinakatika. Lakini kukatika si kumoja. Skrubu ya sakafu ikikatika, hutobolewa mahali pa wazi na nafasi yake huchukuliwa na bolti yoyote inayoenea, hata ya duka la vifaa vya ujenzi. Studi ikikatikia ndani ya bloku, nyuma ya eksosi, injini nzima huenda ikalazimika kushuka. Anayeihurumia sakafu anauhatarisha moyo wa gari, na mchelea mwana kulia hulia yeye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kati ya Dadaab na Liboi, jua likiwa utosini na usalama ukiwa wa mashaka, nani ana muda wa kung'oa sakafu? Hakuna, wala kanuni hii haimtaki afanye hivyo. Inamtaka atofautishe kufika na kutengeneza. Stata ikifa njiani, injini ya petroli ya Series ina mahali pa kuchomekea hendeli kwa mbele, na mgandamizo wake wa takriban 7 kwa 1 unashindwa na mkono wa mtu mmoja. Kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke hendeli, kwa maana injini ikirudisha nyuma huvunja gumba lililofumba. Ya dizeli, yenye mgandamizo wa 23 kwa 1, haikubali kirahisi hivyo, na hapo kusukuma au kuvutwa ndiko dawa. Bolti zile mbili zisubiri kivuli cha mji. Na hata kivulini, kabla ya spana kugusa stata, waya wa betri unaoshika bodi utolewe kwanza. Katika magari ya awali ya aina hii waya huo ni wa chanya, si wa hasi kama tulivyozoea, kwa hiyo uangaliwe, usikisiwe.

Mafundi wa visima virefu wa kaunti hii wanaishi na kanuni hiyo hiyo. Pampu ikikwama chini, huvuta bomba moja, hulilaza pembeni, huvuta la pili, mpaka pampu yenyewe itokeze. Hakuna anayeyaita mabomba yale kazi ya bure, kwa sababu kila mtu anaona kwamba ndiyo njia yenyewe ya kuifikia pampu. Sakafu ya Land Rover nayo ni njia, na njia hutunzwa. Siku ya kuirudisha, kila skrubu isafishwe uzi, ipakwe grisi, irudi kwenye tundu lake. Ugumu mwingi tunaousingizia uzee wa gari uliachwa na mikono iliyofunga kwa haraka ikidhani haitarudi tena. Atakayeifungua sakafu hiyo miaka kumi baadaye, kwa spana ile ile, atakuta skrubu zinazunguka.