Neno Lile Lile, Aibu Nyingine

Mzazi wa Imenti, Meru, leo humwita bintiye mukenye bila kusita, na binti huitika. Ni msichana tu, basi. Wakati wa ukoloni neno hilo lilimtaja msichana asiyekeketwa, na kadiri alivyokua ndivyo lilivyozidi kumwaibisha, maana bila kukatwa hakuhesabiwa mwanamke. Mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku ukeketaji Meru, likihimizwa na maafisa wa kikoloni, wasichana wengi walichukua nyembe wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo. Sababu zao zilikuwa nyingi, na hasira dhidi ya serikali wakati wa Hali ya Hatari haikuwa ndogo miongoni mwake. Hata hivyo, msichana aliyekubali maumivu na faini ili asibaki mukenye anatuonyesha jinsi jina linavyoweza kumbana mtu. Neno hilo halikufutwa na yeyote. Lilipoa kadiri desturi iliyolitia makali ilivyozidi kudhoofika. Ndiyo maana nashikilia kwamba ukali wa neno hutokana na yale ambayo jamii iko tayari kumtendea mtu anayeitwa hivyo, na kwamba anayetaka kujua kama neno ni tusi aangalie huko kwanza.

Kwa wavulana mambo ni tofauti, kwa kuwa tohara yao ingali imara. Mvulana mdogo Meru ni mwiji, Embu ni kavici, kwa majirani Wakikuyu ni kahii, na hakuna mtoto anayelia kwa kuitwa hivyo. Lakini mwite hivyo kijana aliyetoka jandoni Desemba iliyopita, na umetafuta ugomvi. Mwite hivyo mwanamume mzima ambaye kwao hawatahiri, na umemwambia kwamba yeye si mtu wa kuketi na watu wazima wala kuwaongoza. Neno la Kikuyu kihii, yaani mvulana asiyetahiriwa, limesafiri hadi majukwaa ya siasa kwa kazi hiyo hasa, hata Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaliweka katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na madoadoa. Wapo walioiona orodha hiyo kama mchezo. Wakumbuke Naivasha, Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ambako wanaume Wajaluo walikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu. Neno halikushika kisu, ni kweli, lakini lilikuwa limekwisha kumtoa mwenzetu katika hesabu ya wanaume kabla kisu hakijafika.

Mtetezi wa desturi atasema kwamba haya ni maneno ya mama zetu, hayana ubaya, na anayekasirika ni mgeni asiyejua lugha. Hoja hii ina ukweli wake kijijini. Watu wawili wa rika moja huko Runyenjes wakitaniana hawahitaji tume. Lakini sokoni, Meru mjini au Embu mjini, neno husikilizwa na watu wa kila upande wa Kenya, na maana hupimwa pia na sikio. Isitoshe, sisi wenyewe wa Meru na Embu tunaujua uchungu wa kubandikwa jina. Mmeru amechoka kusikia katika kila kichekesho kwamba watu wake wana hasira za haraka. Mmbeere hapendi kumezwa na jina la Embu, na Muembu naye hapendi kuitwa Mkikuyu kwa sababu tu GEMA, chama cha Wakikuyu, Waembu na Wameru, iliwafunga pamoja mwaka 1971. Anayedai asibandikwe jina asilolitaka hawezi kumnyima mwingine haki hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kubadili maneno hakubadili maisha. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, lakini jina la heshima halimjengei njia ya kupita na kiti chake cha magurudumu. Nakubali, na habari ya mukenye inaunga mkono wazo hilo: desturi ilipungua, neno likapoa lenyewe. Ila kupoa huko kulichukua miongo mingi, na katika miongo hiyo kuna waliokatwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya mwaka 2011 haikungoja. Kifungu cha 25 kinamwadhibu anayemkejeli mwanamke kwa kutokeketwa, kwa kifungo kisichopungua miezi sita, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Naona sheria hiyo ina busara, kwani haikutunga orodha ya maneno mabaya. Imetazama nia ya kuaibisha. Orodha huchakaa upesi, kwa kuwa vijana hubuni fumbo jipya kabla wino haujakauka.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kabla ya hapo vijana wengi wa Meru na Embu watakuwa wamepita jandoni, na humo hufundishwa mengi kuhusu uanaume. Wazee na walezi wao wawaambie waziwazi kwamba Mkenya asiyetahiriwa ni mwanamume kamili, mwenye haki ya kuongoza na kuongozwa, na kwamba anayemwita kihii jukwaani hastahili kura yao.