Fidia ya Mau Mau Haina Fomu

"Wakili, usajili wa fidia ya Mau Mau unafungwa lini?" Siku moja ya soko hapa Mikinduri niliulizwa swali hilo mara tatu. Wa mwisho alikuwa mzee aliyekuja na binti yake. Alitoa bahasha ya kaki ndani ya koti: nakala ya kitambulisho, picha mbili za pasipoti, fomu yenye bendera ya Uingereza, na risiti ya shilingi 2,000 iliyoandikwa kwa kalamu, bila muhuri wala anwani. Alikuwa ameuza mbuzi.

Usajili huo haufungwi kwa sababu haujawahi kufunguliwa. Nimechoka kulisema, lakini nitalisema tena.

Watu wanaamini kwamba Uingereza ilitenga mfuko kwa kila aliyeteswa wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipopambana na Mau Mau, wengine wakalipwa, na zilizobaki zimekwama Nairobi. Si kweli. Zilizolipwa mwaka 2013 zilikuwa pesa za kesi. Wazee wachache walishtaki mjini London, na mwaka 2012 Jaji McCombe akawaruhusu watatu waendelee ingawa miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita. Serikali ya Uingereza ikaamua kuelewana nao nje ya mahakama. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri William Hague alitangaza pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228. Siku hiyohiyo alisema serikali yake inasikitika, lakini haikubali kuwajibika kisheria. Asiyekubali deni hafungui dirisha la kulipia. Kama jina lako halikuwa kati ya hayo 5,228, hakuna faili lako linalongoja popote.

Madalali wana jibu: "Kuna kesi ya pili." Ilikuwepo. Ilikuwa na wadai zaidi ya 40,000, na mwaka 2018 Jaji Stewart aliamua kwamba muda umepita mno: mashahidi wamekufa, na kesi haiwezi tena kusikizwa kwa haki. Ikaanguka. Sasa niambie, kama watu 40,000 waliokuwa na mawakili walishindwa, fomu iliyopigwa fotokopi sokoni itashinda nini?

Wengine wanamtaja Mfalme Charles. Alikuja Kenya mwaka 2023 na kulaani ukatili ule, lakini hakuomba msamaha rasmi wala hakuahidi fidia. Hotuba haigeuki hundi.

Sisemi wazee hawa hawadai. Wanadai. Marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria zetu hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Baimungi, jemadari wa Mau Mau kutoka Meru, aliuawa mwaka 1965 na vikosi vya serikali ya Kenya huru. Pale ambapo taifa halikufanya haki baada ya vita, tapeli amepata pa kukaa.

Yanayowezekana ni haya. Uliyetozwa pesa, peleka risiti na ujumbe wa M-Pesa polisi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Mnaodai si pesa bali shamba la mzazi lililogawiwa wengine wakati wa vita, kama eneo bado linapimwa, pingeni sajili ndani ya siku 60 tangu itangazwe. Kama hati imeshatoka, njia ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Meru. Shamba likiwa bado kwa jina la marehemu babu, fungueni kesi ya mirathi kwanza. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, wanaweza kusuluhisha, na Kipengele cha 159 cha Katiba kinatambua njia hiyo, mradi isivunje haki za mtu: mabinti wasikizwe, na makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Usiye na pesa za wakili, uliza msaada wa kisheria wa serikali chini ya sheria ya 2016.

Na wewe uliye na mzazi wa umri huo, akikuomba nauli ya kwenda kujisajili, usimpe. Keti naye jioni hii, muulize alifungwa kambi gani, alifungwa na nani, shamba lao lilipakana na la nani. Andika. Siku mashahidi watakapohitajika, hicho ndicho kitakachokuwa kimebaki.