Pikapu ya Zamani: Kufungua Injini au Kununua Nyingine?

Hilux ya dizeli iliyozeeka, ile yenye injini ya 2L au 3L, hufikia siku ikagoma kupanda mlima na mzigo ambao zamani iliubeba bila shida. Hapo kila aliyeko gereji hutoa hukumu yake, na nyingi hutolewa kabla mtu hajashika kifaa cha kupimia.

“Ikitoa moshi, injini imekufa.”

Si kweli, mpaka ujue rangi ya moshi. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo: chujio cha hewa kimeziba, nozeli zinamimina badala ya kunyunyiza, au pampu imefunguliwa kupita kiasi. Hayo hutengenezwa injini ikiwa palepale ilipo. Wa bluu ni oili inayoungua, lakini oili hiyo inaweza kuwa inapita kwenye sili za vali, vijipira vidogo tu, wala si kwenye ringi. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja popote, unanyooshea kidole gasketi au silinda hedi yenyewe.

Mwamuzi ni geji ya kompresheni. Kwa injini hizi, silinda nzima hutoa kama kilo 32 kwa sentimita mraba. Ikishuka chini ya 20 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Silinda tatu nzima na moja mbovu ni habari nyingine kabisa na nne zilizochoka kwa pamoja. Fundi anayekwambia “tushushe injini” bila kupima anacheza kamari, na dau ni lako.

“Badilisha ringi tu, inatosha.”

Karibu kila mara ni uongo. Silinda iliyofanya kazi miaka mingi haibaki duara. Hulika zaidi upande wa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na ringi mpya haiwezi kuziba shimo lililopinda. Muda si mrefu oili inaanza kupungua tena. Kazi kamili ni kupeleka bloku kwa wachonga injini, ipimwe, kisha ichongwe na kuwekewa pistoni za saizi kubwa zaidi, au ivalishwe slivu mpya. Krankishafti nayo isagwe na kupewa beringi za 0.25 au 0.50. Dai vipimo vyote viandikwe kwenye karatasi.

“Injini ya Japani haijatembea.”

Nani anajua? Ni kweli kwamba ukaguzi wa lazima kule Japani una gharama, na magari mengi huachwa yakiwa bado yanatembea vizuri. Lakini kilomita zilibaki kwenye dashibodi. Unachokikuta Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ni chuma kilichooshwa kikang’aa. Tena Toyota iliacha kuuza Hilux nchini mwake mwaka 2004, na iliporudi 2017 ilikuja na injini ya aina nyingine. Kwa hiyo 3L iliyotoka kwenye Hilux ya Japani imepita miaka 20, hata kama ilitembea kidogo. Mpira huzeeka umekaa.

Fungua kifuniko cha oili: tope zito au rangi ya maziwa, ondoka. Omba iwashwe hapohapo sakafuni, na kompresheni ipimwe mbele yako. Muda wa majaribio uandikwe kwenye risiti. Sili na mkanda wa taimingi vibadilishwe kabla injini haijafungwa, maana baadaye kazi ni ileile mara mbili.

“Ukibadilisha, weka kubwa zaidi.”

Nusu kweli. Kutoka 2L (cc 2446) kwenda 3L (cc 2779) ni ndugu kwa ndugu. Ukienda 1KZ-TE, yenye tabo na pampu inayoongozwa kwa umeme, umejitwika nyaya na mfumo mwingine wa kupoza. Namba ya injini nayo imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yafike TRA, au NTSA kwa walio Kenya, kabla mnunuzi au askari hajayagundua.

“Kufungua ni nafuu.”

Kweli, ilimradi bloku na krankishafti vinaokolewa. Konrodi ikishatoboa bloku, hakuna mjadala: nunua. Vipimo vikiwa vizuri mimi nafungua, maana nitajua kila kilichomo ndani.

“Toa themostati, haitachemka tena.”

Huu ndio uongo unaoua injini nyingi, mpya na za zamani. Injini isiyo na themostati hukimbia ikiwa baridi, na baridi huharakisha kulika kwa silinda. Themostati nyingi za Toyota pia zina vali ya pili inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mlima mrefu inachemka zaidi. Injini iliyokufa kwa joto haipaswi kurithiwa na nyingine kwenye rejeta ileile iliyoziba. Rejeta izibuliwe au ibadilishwe, feni na pampu ya maji zikaguliwe, themostati mpya irudi mahali pake, ndipo injini ishushwe chini ya boneti.