Chef-d'œuvre: Kazi Iliyopimwa



Mara nyingi mhubiri anasema, "Wewe ni chef-d'œuvre ya Mungu!", na kanisa lote linapiga makofi. Lakini neno hilo limetoka wapi?

Kwa Kifaransa, "chef" ni kichwa au mkubwa, na "œuvre" ni kazi. Zamani kule Ulaya, waseremala, wahunzi na washonaji walikuwa na vyama vyao. Kijana aliingia kwa fundi, akafunzwa miaka mingi. Alipotaka kuwa fundi mkubwa, alitengeneza kitu kimoja kwa mikono yake mwenyewe. Wakubwa wa chama walikikagua kila upande. Wakikikubali, alihesabiwa kati yao. Wakikikataa, alirudi kujifunza. Kitu hicho ndicho kiliitwa chef-d'œuvre. Ufaransa ilivunja vyama hivyo mwaka 1791. Neno likabaki, na leo tunaita hivyo kitu chochote kizuri sana.

Kwetu Katanga jambo hili si geni. Kabla ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, wazee wetu waliyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama feza. Misalaba ya namna hiyo ilipatikana ndani ya makaburi ya kale kule Sanga, karibu na ziwa Kisale. Ujuzi huo haukuokotwa njiani: mdogo aliupokea kwa mkubwa.

Biblia nayo inatufundisha hivyo. Katika Kutoka 31, Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya zahabu, feza na shaba. Lakini katika Kutoka 39, Musa aliitazama kazi yote kwanza, ndipo akawabariki mafundi. Upako haukuondoa ukaguzi. Na Paulo, katika Waefeso 2:10, akiisha kutuita kazi ya Mungu, anataja papo hapo matendo mema. Jina hilo halitolewi kwa ajili ya makofi tu.

Leo vijana wengi wanamuacha fundi baada ya miezi mitatu na kukimbilia feza ya haraka kwenye machimbo. Baba, mama, kabla ya kumtoa mtoto, uliza: ametengeneza nini peke yake, na nani amekikagua? Fundi, usimfiche mwanafunzi siri ya kazi. Na wewe kijana, vumilia mpaka kazi yako ipimwe na kukubaliwa.